Mkuu, usichane gazeti, jibu swali!

Mpenzi msomaji, wiki hii mambo ya nani kamwacha nani tuyaweke pembeni kidogo. Usinune, yatarudi. Nataka nikupeleke sekondari, kwenye ubao wa plaiwudi ulioegemezwa ukutani karibu na bwalo, umebandikwa karatasi nne za manila zilizoandikwa kwa mkono. Hilo ni gazeti. Cheka tu, lakini nakuhakikishia wapo watu wazima wenye vyeo vyao waliokosa usingizi kwa sababu ya gazeti kama hilo.

Kwa miezi kadhaa sasa, kila Jumatano mchana napanda daladala kwenda shule moja ya serikali pembezoni mwa Dar es Salaam. Jina nalihifadhi, na sababu utaiona mwenyewe. Kule nawafundisha wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu misingi ya uandishi wa habari. Aliyeniita ni mwalimu wao wa Kiswahili, mlezi wa klabu, tuliwahi kukaa mtaa mmoja. Malipo yangu ni soda na chapati mbili, nauli najilipia. Siku ya kwanza darasa zima liliposimama na kuitikia kwa pamoja, "Shikamoo madam!" niligeuka nyuma kuangalia kaingia nani.

Nikawauliza, nani anataka kuwa mwandishi wa habari? Mikono yote juu. Kwa nini? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Robo tatu walitaka kusoma taarifa ya habari kwenye TV wakiwa wamependeza. Waliobaki walitaka kuingia mpirani bure. Hakuna aliyesema anataka kujua jambo fulani ambalo halijui. Siwalaumu, na mimi nilianza kwa kupenda kuona jina langu limechapwa.

Zoezi la kwanza halikuwa na kitabu. Nilipanga na mlezi wao aingie ghafla katikati ya kipindi, aulize boksi la chaki kwa ukali, achukue daftari langu mezani na kutoka bila kuaga. Alipotoka tu nikawaambia, haya, andikeni habari, mna dakika kumi. Basi bwana! Tukio moja, darasa moja, wanafunzi thelathini, na mwalimu akavalishwa mashati ya rangi tatu. Kuna aliyeandika ilikuwa saa nane kamili na kuna aliyeandika saa nane na nusu. Mmoja akaandika mwalimu kaniibia daftari. Mwingine, ambaye naona kabisa ana mustakabali kwenye magazeti yetu haya, akaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa: MWALIMU AMFUMA MADAM DARASANI! Nilicheka mpaka machozi. Mlezi alicheka kidogo kuliko mimi, maana yeye ana mke.

Kutoka hapo ndipo nikaandika ubaoni yale maswali yanayolisha kila chumba cha habari duniani: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, na vipi. Nikawagawia karatasi wachore safu tatu. Ya kwanza "nimeona", ya pili "nimeambiwa", ya tatu "nadhani". Kuchukua daftari waliona. Kuiba walidhani. Kumfuma madam, hilo sijui tuliweke safu gani.

Walimu wa Kiswahili watanisamehe, lakini kitu kigumu kuliko vyote kilikuwa kuwatoa kwenye insha. Insha ina utangulizi. Habari haina. Mtoto aliyefundishwa miaka yote kuanza na "Hapo zamani shule yetu ilianzishwa" ukimwambia aanze na kile kilichotokea jana, anakuona huna adabu. Nikawaambia, msomaji wenu amesimama mbele ya ubao wakati wa mapumziko, ana njaa, na mama wa mihogo yuko getini. Kitu kizito kianze. Historia ya shule ataisoma akishashiba.

Halafu kuna ugonjwa tuliowaambukiza sisi. Hawa watoto wanasoma magazeti ya mtaani, hata kama ni kipande kilichofungia mihogo. Kwa hiyo nusu ya habari zao za mwanzo alikuwemo yule bwana maarufu kuliko wote nchini, "mtu mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe gazetini". Nikawauliza, hakutaka kwa nini? Anaogopa nini? Kama anaogopa kupigwa au kufukuzwa, sawa, tunamficha, lakini sisi tunamjua ni nani na tunajua hiyo habari kaijuaje. Kama hataki jina kwa sababu anamsengenya jirani yake, hicho ni kijiwe, aende kijiweni.

Sasa tufike kwenye soo lenyewe.

Kuna binti mmoja wa kidato cha tatu, mkimya, anakaa karibu na dirisha. Wiki ya nne akaleta habari yake ya kwanza. Ilikuwa na mistari sita, na mstari wa kwanza ulisema vyoo vya wasichana ni aibu na hela za milango zimeliwa.

"Zimeliwa na nani?" nikamuuliza.

"Madam, kila mtu anajua."

"Huyo Kila Mtu yuko kidato cha ngapi?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alichukua karatasi yake akarudi kukaa, nikajua huyu simwoni tena.

Jumatano iliyofuata akarudi na namba. Alikuwa amehesabu matundu ya vyoo vya wasichana, akakuta 8. Yenye mlango unaofungika yalikuwa 4. Dada mkuu alimsomea idadi ya wasichana wote, wanazidi 400. Mlezi akamtafutia mwongozo wa serikali wa maji na usafi wa mazingira shuleni, unaosema tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Akagawanya mwenyewe, akaona shule ilitakiwa iwe na zaidi ya matundu 20. Halafu akaongea na wasichana sita, mmoja mmoja. Wawili walimwambia kwamba wakiwa kwenye siku zao hawaji shule kabisa, kwa sababu mlango ni rafiki anayekushikilia kanga kwa nje, na siku rafiki hayupo basi na mlango haupo. Majina ya hao wawili hakuyaandika. Sikumwambia, aliamua mwenyewe.

Nikamwambia bado. Umemsikia kila mtu isipokuwa yule unayemsema. Mkuu wa shule je?

Hapo rangi ikambadilika. Msomaji, wewe uliyesoma sekondari za kwetu unajua maana ya mwanafunzi kwenda ofisi ya mkuu bila kuitwa. Lakini alikwenda, akamchukua na mwenzake mmoja, wakabisha hodi, wakaamkia, wakauliza maswali mawili. Hela za milango zilipokelewa? Milango iliyobaki itawekwa lini? Mkuu akawajibu hayo ni mambo ya ofisi, rudini darasani. Wao wakaandika hivyo hivyo. Aya ya mwisho ilisema mkuu wa shule alipoulizwa alisema hayo ni mambo ya ofisi. Neno "zimeliwa" halikuwemo tena popote.

Gazeti lilibandikwa Jumatatu kabla ya paredi. Saa nne, wakati wa mapumziko, mbele ya ubao palikuwa hapapitiki, mama wa mihogo akakosa wateja. Saa nne na nusu mwalimu wa nidhamu akalichana. Klabu ikasimamishwa wiki mbili, binti akaambiwa aje na mzazi. Mama yake anauza vitumbua alfajiri. Kumwita shuleni asubuhi ni kumfungia biashara ya siku nzima.

Unadhani mambo yaliishia hapo? Ndiyo kwanza yakaanza. Manila ilikuwa na namba, ina maelezo, ina na kauli ya mkuu, hata kama ni fupi. Ilipoondoka, nafasi yake ilichukuliwa na maneno. Jumanne mkuu alikuwa amejenga Chanika kwa hela za milango. Jumatano nyumba ikawa ya ghorofa. Alhamisi kwenye grupu la WhatsApp la wazazi ikarushwa picha ya nyumba yenyewe, ambayo baadaye mzazi mmoja fundi rangi akasema anaifahamu, ni ya mjomba wake. Wale watoto niliowafundisha safu tatu hawakuandika hata neno moja kati ya hayo. Waliandika wale ambao hakuna aliyewafundisha.

Ijumaa mkuu akaniita. Nilivaa gauni refu, nikaamkia mara mbili.

"Binti, wewe huo uandishi umesomea wapi?"

"Nimemaliza kidato cha nne mwalimu, mengine nimejifunza kazini."

"Sasa wewe wa kidato cha nne ndiyo unakuja kuwafundisha watoto wangu kunivunjia heshima?"

Nikamwambia, mwalimu, naomba unioneshe palipoandikwa uongo. Akanyamaza. Akafungua droo, akatoa faili, akalipiga mezani kwa hasira. Ndani yake mlikuwa na habari nzuri kuliko iliyochanwa. Hela ilikuja kweli. Fundi seremala alipewa malipo ya awali, akaleta milango minne, halafu akaingia mitini na simu akazima. Mkuu ameandika barua kwa mtendaji wa kata, nakala ninayo mkononi, ina na muhuri. Mtu wa watu hajala hata senti. Nikamwambia, mwalimu, ungewapa wale mabinti dakika mbili na hii barua, leo shule nzima ingekuwa inamtafuta fundi badala ya kukujengea ghorofa Chanika.

Hakujibu. Aliangalia dirishani muda mrefu, halafu akasema mwezi huo wanatarajia wakaguzi. Na mimi nikamwelewa, sikufichi. Mkuu wa sekondari ya kata kwetu anadaiwa na wizara, na halmashauri, na wazazi, na wanafunzi, na akikosea kidogo anaamkia kituo kingine mbali. Kwake yeye karatasi ya manila inaweza kusomwa na mtu mwenye kalamu ya kumhamisha. Woga wake ni wa kweli. Nilichobishana naye ni dawa aliyoichagua.

Zile wiki mbili za klabu kufungiwa sikukaa bure. Nilitaka kujua wenzetu ambao magazeti ya shule wanayo tangu zamani wanafanyaje wakifika hapa. Nikaangukia Marekani, kwa sababu kule ugomvi kama wetu huu uliwahi kufika mpaka Mahakama ya Juu ya nchi.

Mwanzo upepo ulivuma upande wa wanafunzi. Desemba 1965, mjini Des Moines, jimbo la Iowa, wanafunzi wachache walikwenda shule wamefunga vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam. Mmoja wao alikuwa Mary Beth Tinker, miaka 13. Wakasimamishwa masomo. Mwaka 1969 mahakama ikaamua, majaji 7 kwa 2, kwamba mwanafunzi haachi haki yake ya kutoa maoni getini akiingia shule, ilimradi havurugi masomo.

Halafu ikaja kesi ya gazeti, na hii ndiyo iliyonikalisha kitako. Hazelwood East ni sekondari iliyo karibu na St. Louis, jimbo la Missouri. Mwaka 1983 darasa la uandishi la pale lilikuwa na gazeti lake, linaitwa Spectrum. Toleo la Mei lilikuwa na makala kuhusu wasichana wa shule hiyo waliopata mimba, na nyingine kuhusu watoto ambao wazazi wao wameachana. Mkuu wa shule akaletewa kurasa kabla hazijachapwa. Akaagiza kurasa mbili zitolewe zote, na makala nyingine ambazo hazikuwa na ubaya wowote zikaondoka nazo. Wanafunzi watatu wakaenda mahakamani. Kesi ilizunguka mpaka Januari 1988, wenyewe wameshamaliza shule zamani, ndipo hukumu ikatoka: majaji 5 kwa 3, mkuu ameshinda. Mahakama ikasema gazeti likiwa ni sehemu ya masomo na jina la shule liko juu yake, uongozi una ruhusa ya kulikata, ilimradi uwe na sababu ya msingi ya kielimu.

Unaweza kudhani naichukia hukumu hiyo. Naichukia nusu. Ngoja nikupe sababu alizotoa yule mkuu. Alisema wale wasichana wamebadilishwa majina, lakini maelezo ya makala yenyewe yanaweza kuwatambulisha tu. Na kwenye makala ya talaka kuna mwanafunzi alimsema vibaya baba yake, na huyo baba hakuulizwa upande wake. Mpenzi msomaji, hizo si ndizo hoja za mhariri mzuri? Ndicho hicho hicho nilichomwambia binti wangu wa dirishani: umemsikia kila mtu isipokuwa yule unayemsema! Yule mkuu aliona kasoro ya kweli. Lakini shule ilikuwa inakaribia kufungwa, akaona muda wa kurekebisha hakuna, akakata kurasa nzima. Baba yule angeweza kupigiwa simu. Sentensi mbili tatu za kuwatambulisha wasichana zingeweza kufutwa. Kazi ya penseli akaifanya kwa mkasi, na mahakama ikambariki, na tangu hapo wakuu wengi kule wakaupenda mkasi.

Majimbo kadhaa hayakukubali. California ilikuwa tayari na sheria yake ya kulinda magazeti ya wanafunzi. Kansas wakatunga yao mwaka 1992, inayosema habari haiwezi kuzuiwa eti kwa sababu tu inaleta ubishi. Leo majimbo yenye sheria za namna hiyo yamezidi 15. Na sheria zenyewe hazimwachii mwanafunzi atukane anavyotaka. Kashfa bado ni kashfa, na kuchochea vurugu hakuruhusiwi.

Sasa huko Kansas kuna mji unaitwa Pittsburg, usio na herufi h mwishoni, usichanganye na ule mkubwa wa Pennsylvania. Mwaka 2017 sekondari ya pale ilikuwa imepata mkuu mpya, na gazeti la wanafunzi, Booster Redux, likataka kumtambulisha kwa wasomaji. Makala ya kawaida kabisa, ya kumkaribisha mgeni. Katika kuandika, wakataka kuhakikisha elimu yake. Digrii zake mbili za juu alisema kazipata chuo kiitwacho Corllins. Wakakitafuta, wakaona chuo hakieleweki kiko wapi, wala hakina ithibati. Wakamuuliza mwenyewe, majibu hayakushikana. Tarehe 31 Machi wakachapa walichokiona. Siku nne baadaye yule mkuu alijiuzulu kabla hata hajaanza kazi. Watu wazima waliomwajiri, wenye kamati na suti, hawakuliona hilo. Liliibuliwa na watoto wa sekondari waliokuwa wanauliza swali la pili katika yale sita.

Niliposimulia hadithi hii kwa mlezi wa klabu, akashika kichwa. "Dada, hii usimwambie mkuu." Sikumwambia. Ila niliona vizuri kilichowalinda wale watoto. Sheria ya jimbo ilikuwepo, ndiyo. Lakini kama wangeandika "kila mtu anajua mkuu mpya hajasoma", sheria isingewasaidia hata siku moja. Walikuwa na simu walizopiga, na jibu la mhusika.

Usije ukasema hayo ni ya Wamarekani. Sisi hapa tuna Katiba, ibara ya 18, uhuru wa kutoa maoni na kutafuta habari, na haikuandikwa kwamba ni kwa wenye miaka thelathini. Tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo kifungu cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu. Kama choo hakimhusu binti wa kidato cha tatu, sijui kinamhusu nani. Kuna wazazi watasema mtoto kaenda shule kusoma, hakwenda kumchunguza mwalimu. Haya. Lakini huyu binti amehesabu, amegawanya, amesoma mwongozo wa serikali, amehoji watu sita na kuandika kwa ufupi bila matusi. Hesabu, uraia na Kiswahili kwa mpigo. Mnataka asome nini tena?

Mama wa vitumbua alikuja, siku ambayo klabu ilikuwa inafunguliwa. Nilikuwepo kwenye benchi nje ya ofisi, nikasikia kila kitu kwa sababu dirisha halina kioo.

"Mwalimu, mwanangu kaandika uongo?"

"Hapana mama, siyo uongo."

"Kamtukana mtu?"

"Hapana."

"Basi mimi nimeitiwa nini?"

Palikuwa na kimya kirefu. Halafu nikamsikia mkuu anamwambia mama karibu kiti.

Toleo la pili lilibandikwa wiki hiyo hiyo. Habari ya vyoo ilirudi yote, na chini yake maelezo ya mkuu, ameyaandika kwa mkono wake na kusaini: hela iliyopokelewa, milango iliyoletwa, fundi aliyetoroka, barua ya mtendaji. Nyumba ya Chanika ilikufa kifo cha kawaida ndani ya siku mbili. Fundi hajapatikana mpaka naandika hapa, lakini baba wa mwanafunzi mmoja, naye seremala, alisoma ile manila siku ya kikao cha wazazi, akaja na milango miwili ya mabanzi. Siyo mizuri. Inafungika.

Lakini mkuu alitoa sharti. Kuanzia sasa hakuna kitu kinabandikwa kabla hajakisoma. Vijana walinuna, mmoja akasema heri tuache. Mimi nikawaambia kusoma kabla siyo dhambi, hata mimi makala haya yanasomwa kabla hayajakufikia wewe. Swali ni anasoma akitafuta nini. Akitafuta namba iliyokosewa, jina la mtoto aliyetakiwa kufichwa, mtu asiyeulizwa, asome hata mara tatu, anatusaidia. Akitafuta sura yake mwenyewe kama imetoka vizuri, hapo ndipo matatizo. Kwa hiyo tukarudi kwake na sharti letu: asome, aandike pembeni kwa penseli palipo na kosa na kosa ni nini, akae nayo siku mbili, akipitisha siku mbili kimya inabandikwa ilivyo. Akasema "sawa, nimewasikia". Hakusaini popote, na neno "nimewasikia" kwa mkuu wa shule lina maana zaidi ya moja, wewe unajua.

Sharti lenyewe linajaribiwa wiki hii. Wavulana wawili wa kidato cha pili wameandika kuhusu viboko. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu mwenyewe au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Wavulana hawa wamekaa wiki nzima wanahesabu paredini, wameandika siku, saa na idadi. Hawakutaja jina la mwanafunzi hata mmoja. Wameuliza swali moja tu, kile kitabu kiko wapi, na mwalimu wa nidhamu wamemuuliza, kawafukuza, wameandika kwamba kawafukuza.

Binti wa dirishani ndiye aliyewahariri. Aliwakata neno "kikatili" mara nne. Akawaambia namba inatosha.

Karatasi iko mezani kwa mkuu tangu Jumatatu saa tano. Leo ni Jumatano, siku mbili zimetimia asubuhi hii, na mlezi kaniambia kwenye simu kwamba haijarudi na mkuu hajasema kitu. Manila wameshanunua kwa michango yao. Mimi niko kituoni hapa nangoja gari.